Mikono Iliyoachia Usukani

Teunis Hoekema aliingia maabara yetu ya kupima marubani hapa Delft amekunja uso kama mtu aliyeitwa polisi. Ndege mpya aliyokuwa akiijaribu ilipanda na kushuka vibaya ikikaribia kutua, na wakubwa wake wakasema kosa ni lake: aliogopa, akaachia usukani. Jumatatu wangemwondoa kwenye urubani wa majaribio, kazi aliyoifanya tangu ujana.

Nilimpa kahawa na biskuti moja kutoka kwenye kopo, nikalifunika. Ndivyo tulivyo Waholanzi, anayetaka ya pili akale kwao.

"Wietske, usinionee huruma," alisema. "Kama mikono imezeeka, niambie."

"Huruma sina, mzee. Panda mashine."

Ndani ya chumba kinachoigiza ndege nilimyumbisha, naye akawa anarekebisha. Nikapima anavuta usukani kwa nguvu gani, na anachelewa kiasi gani baada ya jicho kuona. Kwa vipimo hivyo nikaunda rubani wa hesabu, Teunis asiye na mwili, nikampa ile ndege aitue kwenye kompyuta.

Kila aliporekebisha, ndege ilichelewa kuitika, naye akazidisha. Ikapanda, ikashuka, ikagonga ardhi.

"Basi ni mimi," alisema Teunis, uso umemshuka.

"Una haraka ya kuzikwa? Ngoja."

Nikaweka vipimo vya mikono ya Fenna, rubani kijana tuliyempima zamani, mwepesi kuliko wote. Naye akaanguka, tena mapema zaidi.

Hapo nilikereka kweli. Hesabu zangu zinaua kila mtu, na Teunis huyu hapa yu hai, anamalizia kahawa.

"Mwishoni ulifanya nini hasa?"

"Si nimeshasema? Niliachia."

"Kwa hofu?"

"Hofu ilikuwepo, sikatai. Lakini niliona tunagombana, mimi na ndege. Nikaacha kubishana nayo."

Nikamwongezea rubani wa hesabu amri moja: kuyumba kukizidi, achia kidogo. Ndege ikatulia, ikatua. Nikarudia, ikatua tena.

Wakubwa wake walitaka kumfukuza kwa jambo lile lile lililomwokoa.

"Jumatatu naenda na wewe," nilimwambia. "Wakanieleze mimi."

Kisha nikafunua kopo, nikamsogezea. Teunis alilitazama, akanitazama.

"Ya pili?" aliuliza, na machozi yakamtoka.