Kadishi ya Mwisho ya Leibl Grusd

...na sasa wote wamenyamaza wanamngoja yeye, kimya cha watu kumi kina uzito gani hiki, afadhali wangeendelea kukohoa, Leibl Grusd amesimama mbele ya sanduku la Torati, shuka la sala begani, mikanda ya ngozi ya ibada imembana mkono wa kushoto, kitabu amekishika ingawa hakihitaji, miezi kumi na moja anaisoma hii Kadishi, sala ya wafiwa, kwa ajili ya marehemu mama yake, asubuhi na jioni, hajakosa hata siku moja, na atajwe mwingine nyika nzima ya Karoo aliyefanya hivyo, hayupo, kijana aliyeacha shule darasa la sita akaingia chini ya malori amewashinda wenye vyeti vyao ukutani, na leo ndiyo ya mwisho, kesho hairuhusiwi, kinachotakiwa ni neno la kwanza tu, mengine yatafuata yenyewe kama kondoo wanaojua njia ya zizini, lakini mdomo umegoma... "Hapa, kijana," ananong'ona Mzee Orlik, msimamizi wa sinagogi, akimwekea kidole kwenye ukurasa, kidole kinanuka samaki wa chumvi, saa moja asubuhi mzee ameshaonja, na Leibl anajua kuwa ni hapo, angeweza kuisoma kichwa chini miguu juu, angeisoma usingizini, na usingizini ndiko anakoisoma zaidi siku hizi, anaamka midomo imekauka... Hajapotea ukurasa, Mzee. Amekataa. Hilo hawalijui. Alikata shauri jana akiwa amelala chini ya lori la pamba, grisi ikimdondokea shavuni, aliona njia moja tu, asiisome ya mwisho, aiache ikining'inia, kwa sababu jambo ambalo halijafungwa halijaisha, na ambalo halijaisha haliwezi kuondoka, na yeye hataki aondoke. Huyo aliye juu. Roshani ya wanawake iko tupu, imekuwa tupu siku za kazi tangu wanawake wa mji huu wahamie Cape Town kwa watoto wao, lakini kila Leibl akianza Kadishi benchi la pale juu linalia, la tatu kutoka dirishani, ndilo alilokalia mama yake, Toiba Grusd, miaka ishirini na sita, linalia kama mtu mzito anayejiweka sawa, na kwa nini liwe zito, alipokufa alikuwa mwepesi kama kapu la nguo, Leibl mwenyewe alimbeba... hajawahi kuinua macho, hata mara moja, yeye ambaye haogopi kupanda kinu cha upepo bila kamba... "Kulikoni, amemeza ulimi?" Huyo ni mchuuzi wa vitambaa, mtu wa kumi, maana wanaume wasipotimia kumi Kadishi haisomwi, wamemtoa hotelini na povu la kunyolea bado sikioni, jina lake hakuna aliyeliuliza, Mzee Orlik alimtazama mlangoni akaanza kuhesabu kwa furaha, si mmoja, si wawili, si watatu, maana watu hawahesabiwi waziwazi, jicho baya likisikia hesabu litajua wamebaki wangapi, akafika si kumi akapiga makofi... "Nina safari ya Beaufort mimi, kijana, barabara haina huruma." "Mwache, bwana, ni ya mwisho." "Basi ya mwisho iwe na mbio kidogo!" Wanacheka chinichini, wazee hawa, wanacheka kila mahali, na kwenye mazishi walicheka, mmoja alitumbukia hadi magotini kwenye udongo uliochimbwa wakacheka huku wanalia... Mwezi mmoja tu Leibl aliomba. Alimfuata Mzee Orlik dukani kwake, akasimama katikati ya magunia ya sukari, yeye ambaye haombi mtu kitu, "Mzee, nikiongeza mwezi mmoja, itakuwaje?" na Orlik akavua miwani, "Miezi kumi na miwili ni ya waovu, Leibl, huko chini roho zinakosafishwa mwovu ndiye anayekaa mwaka mzima, wewe unataka mji wote useme Toiba Grusd alikuwa mwovu?" "Mji gani, Mzee? Mji umebaki sisi kumi, na wa kumi tunamwazima." "Basi hao kumi." Na akampa kipande cha samaki amalize mjadala. Mwovu! Mwanamke aliyekuwa akichekecha unga mara tatu mdudu asiingie mkateni, saratani ikamkaba koo miezi saba, koo, Bwana wa ulimwengu, kati ya sehemu zote ukachagua koo, la mtu aliyekuimbia kila Ijumaa kuliko ndege wote wa bonde hili... na sasa Leibl afungue koo lake mwenyewe, zima, jekundu, amwambie nini, litukuzwe, litakaswe jina lako kuu, ndivyo inavyokwenda, mwanzo hadi mwisho, sifa, sifa, sifa, kifo hakitajwi, kaburi halitajwi, neno mama limo wapi, alitafuta wiki ya kwanza kwa kidole kama mtoto, halimo, ni kama umegongwa na lori halafu unaambiwa usimame umsifu dereva kwa jinsi anavyoshika usukani, na ameimba sifa hizo miezi kumi na moja kwa meno yaliyobanana, haraka, kama anatema, si kwa ajili yake Yeye, kwa ajili ya benchi lile juu... Au aseme kichwa kinamuuma. Atoke tu, awashe gari... "Leibl." Hiyo ni sauti ya nyuma, ya Sacks, mwenye bucha, ambaye huitikia kwa nguvu kuliko wote, amina yake hutetemesha vioo, "Leibl, mwanangu, pumua kwanza." Sacks asimwambie apumue. Sacks ana mambo yake, mkewe amelala ndani tangu sikukuu ya vibanda, saratani, titi kwanza, sasa mifupa, daktari ameacha kuandika dawa, na wiki iliyopita alikuja gereji, akainama hadi Leibl akaona ndevu zake zimepinduka chini ya lori, "Nikuulize, pale katikati maneno yanapokimbizana, wewe unayapitaje? Mimi najua kuitikia tu. Ulimi wangu utanasa," kisha, "Siku yangu ya kuisoma ikifika utakuwepo, sivyo?" na Leibl, bingwa wa maneno, akajibu kutoka chini, "Siku hiyo nitakuwa Cape Town nacheza dansi, mzee," na Sacks akacheka, alicheka kweli, akaenda zake, viatu vyake vilikwenda polepole sana... ndiyo mizaha ya Leibl hiyo, hata kwa mama. Mwezi wa tano wa ugonjwa wake mkate haukupita tena kooni, wala mkate uliolowekwa kwenye chai, na kubariki mkate usioula ni kutaja jina la Mungu bure, ni dhambi, kwa hiyo akaacha kubariki, mtu aliyebariki hata kitunguu, na hilo lilimwumiza kuliko koo, hadi asubuhi moja akamvuta Leibl mkono, akaonyesha mkate, akaonyesha mdomo wa Leibl, wewe. Wewe bariki, wewe ule. Akabariki, sawa, mbiombio, siagi kidevuni, akitania, "Haya Toiba, nimemaliza, Mungu wako amesikia kelele zangu, amekimbia," na yeye akiwa ameegemea mto alisogeza midomo, sauti hakuna, upepo tu, A... mina. Kila asubuhi. Miezi miwili. Mkate ulikuwa wa Leibl, baraka ya Leibl, isiyo na imani hata punje, na yeye aliipokea vilevile ilivyo, chafu, na siagi yake, akaifunga kwa hiyo amina kama mtu anayefunga mlango wa mwenzake aliyesahau... hakumwuliza hata siku moja kama anaamini. Hakumwambia punguza hasira. Alingoja tu aanze, ili apate mahali pa kuweka lake... anangoja nini, mama, huko juu, miezi yote hii, amekuja kusikiliza? Au amekuja kuitikia, na Leibl anakimbiza maneno, hatui, hampi nafasi, amina haijapata mahali pa kukaa hata mara moja... "Saa moja na robo," anasema mchuuzi. Benchi la juu halilii. Linangoja, au hakuna mtu, vyote viwili vinatisha sawa, na shingo ya Leibl ina baridi, na kidole cha Orlik bado kiko ukurasani, hakuna aliyesogea, nyuma yake Sacks anapumua kwa mdomo kama mtu aliyepandisha mlima, na ghafla Leibl anaona, si kwa huzuni, waziwazi kama anavyoona bolti iliyolegea, asubuhi nyingine, wiki ijayo au mwezi ujao, Sacks amesimama hapa hapa, mikanda imemkaza, ulimi umenasa pale katikati, watu tisa hawapatikani, nafasi moja kwenye benchi iko tupu na mwenyewe yuko Cape Town anacheza dansi... hapana. Hasira iko palepale, haijapungua hata chembe, atakuja nayo kama anavyokuja na grisi kwenye kucha, hakuna mahali imeandikwa mtu anawe kwanza, atakaa pale nyuma, na Sacks akianza atamngoja, atamngoja hata akichukua robo saa, hata mchuuzi wa nani akose safari yake ya wapi, na neno likitoka, limevunjika namna gani sijui, atalipokea kwa amina, kama mama alivyolipokea lake... Shingo inageuka yenyewe, macho yanapanda, ngazi, nguzo, dirisha, benchi la kwanza, la pili, na Mzee Orlik anagonga ukurasa, "Hapa, kijana, hapa."