Aliyekwenda Kutafuta Kuni

Kwetu Abomey pacha hafi. Atakayekuambia pacha fulani amekufa hana adabu, au si mtu wa hapa. Pacha akituacha tunasema amekwenda msituni kutafuta kuni, basi, na mwenye akili haulizi zaidi.

Zinsou alikwenda kutafuta kuni mwaka juzi. Alikula vizuri, akatania watu, akalala, na asubuhi mkewe akamgusa akamkuta wa baridi. Tangu hapo, kama ilivyo desturi yetu kwa mapacha, alikuwa kisanamu cha mti kinachoenea kiganjani. Mama yake alikiogesha, akakilisha, akakivisha kitambaa kile kile alichovaa pacha mwenzake, Sagbo. Anachofanyiwa mmoja, sharti na mwenzake afanyiwe.

Dossi, dada yao mdogo aliyezaliwa nyuma ya mapacha, hakuwa na raha hata kidogo. Sagbo alikuwa ameanza kushikwa na kizunguzungu akibeba magunia, naye hata miaka arobaini hajafika. Akisinzia kitini, Dossi alimwona yule mwingine, uso ule ule, mdomo wazi vile vile, na hofu ikampanda mpaka akamtikisa.

"We Dossi, hata usingizi wangu unauonea wivu?" Sagbo alikuwa akimwambia.

Kwa hiyo watu wa mashine ya kupima moyo walipofika shule ya mtaani, Dossi alimburuta kaka yake. Mama yao akawafuata, kisanamu kifuani.

Nesi aliitwa Baké, mtu wa kaskazini, mcheshi lakini subira hana. Alimlaza Sagbo mezani, akaanza kumbandika nyaya huku akiuliza.

"Chumvi unakula?"

"Kidogo tu."

"Mwongo huyo!" Dossi alidakia. "Anatia chumvi kabla hata hajaonja."

Foleni nzima ikacheka.

"Presha yako iko juu, baba. Kwenu kuna ndugu aliyewahi kufa ghafla?"

Mama akawahi kujibu. "Hakuna."

"Ana kaka?"

"Pacha wake. Yuko msituni, anatafuta kuni."

"Mkata kuni! Moyo wa huyo basi ni chuma."

Safari hii hakuna aliyecheka. Watu waliangalia miguu yao. Dossi alifungua mdomo, akaufunga. Kulitamka neno "amekufa" mbele ya pacha aliyebaki ni kumwita yule wa msituni aje kumchukua mwenzake. Ndivyo alivyolelewa, na aliliamini jambo hilo kwa moyo wote, tusimcheke.

Mashine ikatoa karatasi. Baké aliitazama, akakunja uso.

"Hapa mistari imepinduka chini, wakati ilitakiwa kwenda juu. Watu wetu wengi wako hivi na mioyo yao ni mizima. Ningeogopa kama kwenu kuna mtu alishaanguka. Maadamu hakuna, punguza chumvi, meza dawa ya presha, nenda nyumbani."

Sagbo akaanza kufunga vifungo vya shati.

"Bado mwenzake," mama alisema, akakilaza kisanamu mezani.

"Mama, huu si mti huu?"

"Mpime tu, mwanangu. Hatakuchelewesha."

Baké aliangalia foleni, akashusha pumzi, akakibandika nyaya. Karatasi ikatoka na mstari mmoja mnyoofu, mwanzo mpaka mwisho.

"Haya, mama," alisema akicheka. "Huyu wako keshakufa. Tumzike?"

Mama alikinyakua kisanamu, nyaya zikining'inia. Sagbo alishika ukingo wa meza.

"Jamani, nimesema nini?"

Limeshatoka, Dossi aliwaza. Limeshatoka na Zinsou amelisikia. Kama anakuja, anakuja.

"Nesi, huyo ndiye kaka yetu," alisema. "Zinsou. Hakati kuni zozote. Alikufa usingizini, homa hana, jeraha hana."

"Dossi!" Mama alipiga ukelele. "Umemwita! Umemwita aje anichukulie mwanangu!"

Baké alikuwa ameacha kucheka. "Lala," alimwambia Sagbo. "Usishuke kwenye meza hiyo." Kisha akamwita dereva wamkimbize hospitali.

Jioni ile mama hakumsemesha Dossi. Alikaa mlangoni na kisanamu chake mapajani, akitazama njia mpaka giza likaingia.

Alfajiri simu ikaita. Alikuwa Baké.

"Moyo wake uligoma jana mlangoni mwa hospitali. Mlangoni kabisa! Madaktari wakaurudisha. Ungenyamaza, dada, moyo ungegomea kitandani kwake. Sasa amekaa, anadai chakula, ugali wa akassa."

Dossi alilia kwa sauti. Alikimbia kumpa mama habari, akafungua mlango, na nusura aanguke. Kizingitini palikuwa na mzigo wa kuni. Mtaa mzima tunapikia mkaa. Kuni zilikuwa mbichi, zinanuka msitu, zimefungwa kwa mzizi, fundo likiwa upande wa kushoto. Zinsou alikuwa wa mkono wa kushoto.

"Mama, umezileta wewe?"

"Mimi, na miguu hii?"

Walisimama wawili wakizitazama.

"Kaka yako yu hai?" mama aliuliza.

"Yu hai, mama. Walimrudisha."

Mama aliinama, akachomoa ukuni mmoja, akautia jikoni. Ulikuwa mbichi, lakini ukashika moto.

"Mpikie Zinsou uji," alisema. "Katembea mbali."