Nyusi za Félicité

"Jina bila nyusi si la mwanangu," Mama Thérèse alimwambia Elie kila alipokuja kwenye kiofisi chake, kambini Nyarugusu. Nyusi ni vile vialama juu ya herufi e za Félicité. Huko Kongo mama huyu alifundisha Kifaransa, na ole wake aliyeandika jina ovyoovyo! Yeye na bintiye Félicité walipotezana njiani wakikimbia vita, na ndiye mtoto pekee aliyekuwa amebaki naye.

Elie ndiye aliyetengeneza ukurasa wa mtandao ambako waliopotea huandika majina yao na ndugu zao huwatafuta. Mama Thérèse aliandikishwa humo tangu mwanzo. Kila akija, Elie huandika Félicité, nyusi zote mbili, na mashine hujibu: hayupo.

"Haya, mutoto yangu. Nitarudia."

Siku moja akaingia Dieudonné, muuza mandazi. "We Elie, jana si niliandika jina hapa mbele yako? Leo mashine inasema sipo. Nimekufa bila kuambiwa?"

Wakacheka. Elie akafungua ndani ya ukurasa atazame, kicheko kikamkauka.

Iko hivi. Kwenye kurasa za mtandao alama nyingine mashine huziona ni amri, kwa hiyo hufichwa kwa msimbo. Elie, kwa woga wake, alificha kila alama, hata nyusi. Ndani, Dieudonné alikuwa Dieudonné. Kwenye kioo jina lilionekana safi kabisa, lakini ukilitafuta, mashine haikulijua. Elie alisahau kuifundisha kuufichua msimbo huo wakati wa kutafuta. Kina Esteri na kina Benita walipatana na ndugu zao. Wenye nyusi hakuna aliyewaona. Jamani, kosa la mstari mmoja!

Akalirekebisha. Akaandika Félicité, nyusi zote mbili.

Yupo.

Alikuwa ameandika kutoka kambi ya Mtendeli, kabla haijafungwa: "Namtafuta mama yangu Thérèse. Nimetafuta jina lake humu, naambiwa hayupo." Binti huyo akaandika tena, na tena. Ujumbe wa mwisho uliandikwa na rafiki yake: "Félicité ametutoka kwa malaria. Aliniomba niandike hivi: Mama, kama ulichoka na mimi ukakataa kunijibu, nimekusamehe."

Elie alilia palepale, mbele ya Dieudonné, bila haya.

Akamfuata Mama Thérèse nyumbani. Alikuwa anapepeta maharage. Akamweleza yote, kosa lake pia, hakuficha kitu, kisha akampa simu asome ujumbe wenyewe.

Mama akasoma polepole, midomo ikicheza. Akagusa jina kwa kidole.

"Nyusi aliziweka," akasema. "Zote mbili, vile nilimufundisha."

Akasoma tena hadi mwisho. Ungo ukamponyoka, maharage yakamwagika uani.

"Amenisamehe nini, Elie?" akauliza. "Mutoto yangu, Félicité amenisamehe nini?"