Fidla ya Kabatini

Luqman, mwanangu, hakununua ubao bila kuugonga kwa kifundo cha kidole na kuutegea sikio, kama daktari kifuani mwa mgonjwa. Fundi Jacques, Mkongo aliyemfunza kuchonga fidla hapa mtaani Mayfair, Johannesburg, alisema kijana huyu husikia mti ungali bubu. Nikafurahi. Mama gani asingefurahi?

Ndipo akaja Mzee Othmani, tajiri wa vitambaa kule Fordsburg. Akamshonea suti nyeusi, akawa anamwita kila Jumamosi awapigie wageni fidla wakila. “Huyu ni wangu,” aliwaambia akimshika bega, nao wakacheka, na mwanangu akacheka nao. Nikamwonya kwamba mkono unaokushika bega ndio huohuo utakaokusukuma.

“Mama, wewe ukiona shuka nyeupe unaona sanda,” akanijibu.

Fidla yake iliyozishinda zote, mzee aliitaka ikae kwake, katika kabati la kioo, iguswe siku ya karamu tu. Luqman akakubali. Zile nyingine akaziuza, na patasi akaziweka chini. Mwanamuziki wa nyumba kubwa atachongea nani tena?

Kisha wageni wakachoka na nyuzi, wakataka waimbaji wenye spika. Jumamosi moja hakuitwa. Wala iliyofuata. Yeye alipiga suti pasi vilevile, akakaa karibu na mlango, simu mapajani. Jacques alimletea fidla za watu azitengeneze. Hazikufunguliwa hata mifuko.

Baridi ikaingia, hii ya Joburg inayokausha hadi kope. Nikaona bora niende mwenyewe kwa Mzee Othmani nikaiombe ile fidla ya kabatini. Huenda akiishika tena mikononi, mwanangu atanirudia. Bi Shufaa, mke wa tajiri, alinikaribisha chai ya maziwa na maneno mazuri. Kabati lilikuwa ubavuni mwa hita. Fidla ilikuwa imepasuka tumbo, toka shingoni hadi chini.

“Ichukue tu, Mama Luqman,” alisema, wala hakusema kwa ubaya. “Tulikuwa tunatafuta pa kuweka sahani.” Hakupata mfuko wa kuitosha. Akaiviringisha kwa shuka nyeupe.

Nilimkuta Luqman palepale mlangoni, suti ikimpwaya. Akaifunua. Hakuigonga, hakuitegea sikio. Alinitazama mimi usoni, kwa matumaini ambayo simtakii mzazi yeyote ayaone.

“Mzee aliniulizia?”

Nyinyi wenye watoto wanaosifiwa, niambieni ningemjibu nini.