Moshi Uliobaki Kifuani

Chumba cha mazoezi cha hospitali kilinuka dawa ya kupigia deki na viatu vya raba. Wagonjwa wa kifua walikaa kwenye viti vya plastiki, mikono magotini, wakimtazama mtaalamu wa mazoezi akibinya midomo kama mtu anayepooza chai.

"Vuta kwa pua, jamani. Toa kwa mdomo, taratibu. Msikimbizane, hapa hakuna zawadi."

Mama Mwiko alivuta, akatoa. Moshi ukatoka. Ulikuwa moshi wa kuni, mwembamba, wa kijivu, ukapanda hadi kwenye feni na kuzungushwa huko. Dereva mstaafu wa lori aliyekuwa ubavuni mwake alisogeza kiti. Mtaalamu akaenda kufungua dirisha.

"Safi sana, mama. Sasa toa polepole zaidi."

Mama Mwiko alikuwa amepikia shule ya bweni ujana wake wote na sehemu kubwa ya uzee. Jiko lile lilikuwa na mlango mmoja na halikuwa na bomba la kutolea moshi, kwa hiyo moshi uliokosa pa kwenda ulimwingia yeye. Alipostaafu, hakuweza kutoka kitandani hadi uani bila kushika ukuta. Bintiye, fundi cherehani, alivumilia kikohozi, akavumilia usiku wa kulala ameketi, lakini siku mama alipoacha kugomba, aliona mambo yameharibika. Mwanamke aliyeweza kumsema mtu kuanzia getini mpaka jikoni kwa pumzi moja, sasa alikuwa akiguna tu. Ndipo akampeleka.

Mazoezi yalikuwa ya kawaida. Kutembea kwenye korido, kupumzika, kutembea tena. Kupanda na kushuka ngazi. Kunyanyua chupa za maji. Nyumbani Mama Mwiko alipumulia dirishani, na majirani wakajua saa ya kuanua nguo.

Kadiri kifua kilivyofunguka, ndivyo alivyofika chini zaidi, na kadiri alivyofika chini, ndivyo moshi ulivyokuwa wa zamani. Mwanzoni ulitoka ule wa miaka ya mwisho, wenye harufu ya vanishi, maana shule ilikuwa imeishiwa kuni ikaanza kuchoma madawati. Baadaye ukaja wa magogo mabichi ya msimu wa mvua. Mtaalamu alimpima pumzi, akaridhika.

"Bado uko mwingi, mama, lakini unashuka vizuri."

Siku moja mhandisi mmoja, mtu wa tai na simu mbili, alimleta mama yake mzazi kliniki. Mama Mwiko akatoa pumzi. Mhandisi akanusa, akanusa tena, akaketi sakafuni na suti yake.

"Haya ni maharage ya wiki ya mitihani," alisema huku machozi yakimtoka. "Yale yaliyoungua."

"Yaliungua kwa sababu nilikuwa nje natapika moshi," alisema Mama Mwiko.

"Yalikuwa matamu sana," alisema mhandisi.

Aliwapigia simu wenzake wa shule ile. Wakaja nyumbani kwa Mama Mwiko, wakili, daktari wa meno, meneja wa benki, kila mmoja na kikapu cha matunda na ombi la moshi wa mwaka wake. Wakili alitaka wa kidato cha kwanza.

"Bado sijafika huko, mwanangu. Njoo mwezi ujao."

Binti alisimamisha cherehani. "Mama, hawa watu wanakuchosha. Hupumui kwa kuagizwa."

"Waache wanuse. Mimi ninachotaka ni moshi utoke."

Nguvu zilimrudia. Alipanda ngazi za kliniki akimsema dereva wa lori kwa uvivu, bila kituo, na binti alipomsikia aligeukia ukutani akajifuta macho.

Wahitimu wakaandaa sherehe shuleni. Walitandika zulia uwanjani, wakaweka jukwaa, wakamwalika mkuu wa shule wa enzi hizo, ambaye sasa aliitwa Mheshimiwa. Mama Mwiko alikubali kwenda. Alimwambia bintiye kwamba kilichobaki kilikuwa chini kabisa, na angependa kukitolea mbele ya mwenyewe.

Alisimama, akavuta kwa pua, akatoa kwa mdomo. Moshi ulitoka mzito na mweusi, na ndani yake mlikuwa na harufu ya sigara ya bei mbaya. Watu wakageuka kumtazama Mheshimiwa.

"Sigara yangu!" alisema Mheshimiwa.

"Ndiyo, mzee. Ni siku niliyokuomba bomba la moshi. Ulisimama mlangoni kwa sababu macho yalikuwasha. Ukasema tutaliangalia."

Mheshimiwa alitoa leso. "Jamani, huyu mama ana kumbukumbu! Mpigieni makofi."

Wakapiga. Wengine walisimama. Kisha mhandisi akatangaza uamuzi wa wahitimu. Jiko litahifadhiwa kama urithi wa shule, jinsi lilivyo, na hakuna atakayeruhusiwa kutoboa ukuta wala kugusa paa. Kibao cha shaba kilikuwa tayari. Binti alitaka kusema jambo, lakini bendi ikaanza kupiga.

Mama Mwiko aliushuka uwanja hadi jikoni bila kushika kitu. Mpishi mpya, mwanamke kijana mwenye kitambaa puani, alikuwa amejikunja mbele ya sufuria akikohoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Binya midomo, mwanangu. Toa taratibu, kama unapooza chai."

Mpishi alijaribu. Kilitoka kijimoshi kidogo.

"Hayo mazoezi nianze lini, mama?"

"Mimi walinipa nilipostaafu."

Mpishi aliitikia kwa kichwa, akageuza maharage. Mlangoni wahitimu walikuwa wamejazana, wamefumba macho, wakinusa. Wakili alikunja uso kidogo.

"Huu wa leo bado mchanga," alisema.

"Tusiuharakishe," alisema mhandisi, akamrudishia mpishi mlango taratibu. "Uache ukomae."