Bata Mzinga Asiye na Barua ya Kwao

Haya alinisimulia Blandina wa Ipililo, mwaka jana, tukichambua pamba kwake.

Elina wa Lagangabilili aliletewa bata mzinga dume na binti yake aliyeolewa Lamadi. Tangu afiwe na mume, nyumba ilikuwa kimya hadi akawa anasikia sufuria zikipoa. Ndege huyu alimjibu kila alipokohoa.

Siku ya tatu akaja Magese, mwenyekiti wa kitongoji, na pikipiki yake, mhuri mfukoni.

"Mayu, mama yangu, kila mgeni hapa huleta barua ya utambulisho kutoka kwao. Ya huyu iko wapi?"

"Huyu si kuku mkubwa tu, mwenyekiti?"

"Kuku hanifokei. Jua likizama hana kwao, tunamla kwenye kikao."

Elina alikwenda kumleta mzee Athanasi, aliyewapikia mapadri wa kila taifa miaka thelathini.

"Nimewachinja wengi hawa," alisema Athanasi. "Padri Mfaransa alimwita dinde, yaani wa India. Mreno akamwita peru, kama nchi ile ya Peru. Mhispania akasema pavo, na hilo hapo kale lilikuwa jina la tausi."

Magese aliandika yote. "India, Peru, halafu jina la kuazima. Hata mwizi wa ng'ombe hana kwao kwingi hivi."

"Padri wa Meksiko aliwacheka wote. Alisema ndege ni wa kwao."

"Basi huyo ndiye kaharibu kabisa. Sasa kwao ni nchi tatu."

"Na sisi tumemwita bata," alisema Elina taratibu, "wala hajaogelea hata siku moja. Mwenyekiti, ng'ombe aliyepotea akiokotwa, wewe unajuaje kwao?"

"Namfungulia jioni. Anakokwenda kulala ndiko kwao."

Magese alikwisha kutamka, na Athanasi alikuwa shahidi. Jua lilipoinama wakamfungua kamba. Ndege akazunguka ua, akatazama paa la Elina, akalipita. Ndege akarukia kiti cha pikipiki ya Magese, akajikunyata, akafumba macho.

Athanasi alicheka mpaka akakaa chini.

"Sheria ni sheria," alisema Magese. Akaandika: *Kwao: pikipiki ya Mwenyekiti. Anahamia: kwa mayu Elina. Tabia: njema.* Akagonga mhuri. "Haya, mtoe nikalale kwangu."

"Nikimwamsha sasa atakuwa hakulala, na barua itakuwa ya uongo."

Magese akafikiri, akaona ni kweli. Elina akawapakulia ugali na mlenda, akawatandikia mkeka nje, kando ya ukuta. Athanasi alilala na tonge mkononi. Magese aliapa kulinda pikipiki, lakini hakumaliza kuapa, akaanza kukoroma. Bata mzinga akamjibu mara moja bila kufumbua jicho, akanyamaza.

Elina akaweka barua chini ya mto. Akakohoa kidogo, ajaribu. Nje wakamjibu wawili, ndege na mkoromo wa mwenyekiti. Akavuta shuka, akalala.