Nati ya Kulia

"Kesho ukichelewa tena, mikate yako uile mwenyewe," mpishi wa shule aliniambia, mikono kiunoni. "Saa kumi na mbili na nusu. Ikipita hapo, nachukua kwa mwingine."

Mikate sitini ya shule ndiyo inayotulisha mimi na mama. Wateja wa mkate mmojammoja ni wa kusogeza siku tu. Na mara zote mbili nilizochelewa nilipata pancha, nikakwama kwenye kibanda cha mjomba. Mjomba ni fundi baiskeli, fundi hasa, ila ana ugonjwa mmoja: mteja wa nje kwanza. "Wewe si mgeni, mpwa wangu," huniambia. "Kaa kidogo." Kidogo chake nakijua mimi!

Potelea mbali, nikasema, leo nanunua vyombo vyangu. Nikaisukuma baiskeli mpaka ndani ya duka la vipuri.

"Dada, baiskeli huachwa nje," muuzaji akasema.

"Ikibaki nje spana nitazijaribia wapi, kwenye pua yako?"

Akacheka, akaniletea sanduku jekundu. "Vipande arobaini! Bei ya kutupa." Sitadanganya, nililitamani. Bisibisi za kila aina, kila kitu kimelala mahali pake, kinang'aa.

"Baiskeli yangu haina nati arobaini, kaka," nikamwambia, nikachutama kwenye gurudumu la nyuma. Spana ya sandukuni ilikuwa bati tupu. Ikateleza kwenye nati ya kushoto, ikanichubua kidole. "Lo! Hii spana au kijiko?"

Akanipa nyingine, moja peke yake, nzito, haina hata rangi. Hiyo ikashika barabara. Nikahamia upande wa kulia: haiingii. Nikageuza, nikasukuma, wapi! Nati ya kulia ilikuwa kubwa zaidi. Ndipo nikakumbuka. Ya awali ilipopotea, mjomba alifunga aliyokuwa nayo mkononi. "Itashika tu," alisema. Ilishika kweli, miaka mitatu, na spana ya kuifungua anayo yeye. Hasira zilinipanda mpaka masikioni.

"Chukua spana mbili basi," muuzaji akasema, macho yamemng'aa.

"Thubutu! Nipe nati moja, saizi ya hii ya kushoto. Hiyo spana kubwa niazime tu, hapahapa."

Alinung'unika, lakini aliniazima. Nikabadilisha nati mbele yake. Nikalipia nati na ile spana nzito, na kwa hela iliyobaki nikachukua vyuma viwili vya kutolea tairi, viraka na gundi yake, pampu ndogo na tyubu moja ya akiba. Vyote vikaenea kwenye mfuko wa kitambaa.

Nikapita kwa mjomba, nikamwekea nati yake mezani.

"Umeninunia?" akauliza.

"Sijakununia, mjomba. Nimechoka kusubiri." Akaigeuzageuza ile nati mkononi.

Asubuhi, nikiwa nusu ya njia, psss! Gurudumu la nyuma, kama kawaida yake. Msumari ulikuwa umechana tyubu, tundu la kupitisha kidole. Hapo kiraka hakisaidii. Nikateremsha kreti za mikate, nikapindua baiskeli. Kushoto ikafunguka. Kulia ikafunguka. Kutoa tairi kulinitoa jasho, maana mjomba hufanya kwa pumzi moja na mimi nilitumia ishirini, halafu tyubu mpya nikaibana na kile chuma, nusura niitoboe. Watu wakapita wakinitazama. Tazameni! Nikapiga pampu mpaka mabega yakauma, nikakaza nati zote mbili, nikapanda.

Mpishi alikuwa mlangoni, anaangalia saa ya ukutani. Dakika mbili zilikuwa zimebaki. Nikanyoosha mkono kwenye kreti, naye akaruka.

"Wewe! Mikono hiyo haigusi mkate!"

Nikaitazama. Myeusi mitupu, hadi viwikoni. Katika kupiga hesabu zote za dukani, suala la kunawa sikuliwaza.

"Basi toa mwenyewe, mama," nikasema. "Mimi nashika baiskeli."

Akaitoa mmojammoja, huku ananisonya, mpaka sitini ikatimia. Kisha akaitazama mikono yangu, akautazama ule mfuko ulioning'inia kwenye usukani.

"Kesho," akasema, "uje na sabuni."

Kesho! Mengine sikuyasikia.